Upawa Uliobaki Nachingwea

Vijana wa ofisi ya usafiri, mliniaga kwa soda na saa ya ukutani, mkaniambia niandike niliyoyaona kazini ili msirudie makosa yangu. Saa nimeitundika. Makosa ni mengi kuliko daftari mlilonipa, kwa hiyo nitaandika moja tu, lile kubwa, na mambo mengine ya kazi nitayapachika humo humo kadiri yatakavyonijia. Vyeo na mishahara nimeviacha. Vyeo vilikuwa vidogo, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi Nachingwea wakati wa mradi wa karanga, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Asubuhi ya kwanza nilikuta matrekta yananguruma, vumbi jekundu limepanda hadi vileleni mwa miti, na watu wanakimbia huku na huku kana kwamba karanga zingeota siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la sita na nina mwandiko mzuri, nikadhani nitapelekwa ofisi kubwa. Nikapelekwa kwenye chumba cha mabati chenye maandishi mlangoni: Safari na Likizo. Ndani mlikuwa na joto la kuokea mkate.

Mkubwa wa chumba kile alikuwa Mzee Mkwanda, Myao wa Tunduru, aliyewahi kutunza stoo ya jeshi huko Burma. Alirudi na mguu unaochechemea na ugonjwa wa kuhesabu kila kitu. Mimi hakunihoji sana.

"Unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hesabu viti vilivyomo humu."

Nikazungusha macho. "Vitatu, Mzee."

"Vinne," akasema. "Na hicho ulichokalia."

Akanipa ubao wa kubania karatasi na penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilamba ncha huandika kama wino, na ulimi nao hugeuka zambarau. Kuanzia siku hiyo nikawa karani wa likizo za watu wengine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miezi ya joto, kabla mvua hazijaanza, Nachingwea huwaka. Sisi tuliozaliwa huku kusini tulivumilia kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kwenda. Wazungu wa mradi, pamoja na wake zao na watoto, walipanda mlimani kutafuta baridi. Mlima wenyewe uko mbele ya Ruangwa, na ofisini tuliuita Kambi ya Juu. Lori liliwafikisha hadi kijiji cha mwisho kilicho ubavuni mwa mlima, kisha wapagazi wa kijijini wakabeba mizigo kwa mguu hadi kileleni penye mahema. Mimi nilipanga yote: lori, dereva, mahema, maji, vyakula, na juu ya yote orodha ya vyombo. Mzee Mkwanda alikuwa na sheria moja. Kisichoandikwa hakipandi lori, na kilichoandikwa hakibaki.

Niliielewa sheria hiyo kwa familia ya kwanza niliyoisafirisha. Mama wa familia hiyo alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Bibi Kofia, kwa sababu chini ya kofia yake watu watatu wangeweza kukaa kivulini. Alitaka beseni la kuogea la bati, viti vya kukunja, vitabu, na kuku wanane walio hai. Vyote niliviandika na vyote vilipanda. Chakula chao kilikuwa cha makopo. Kifungulia makopo hakikuwamo kwenye orodha. Familia ile ikakaa mlimani siku nne ikiyatazama makopo. Siku ya tano yule bwana alijaribu panga, akarudishwa Nachingwea na kidole gumba kikiwa ndani ya kitambaa. Mzee Mkwanda hakunigombeza. Alitafuta kifungulia makopo, akakipigilia msumari ukutani mbele ya meza yangu, na kikakaa pale miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Sikusahau tena kitu cha mtu.

Katika safari hizo ndipo nilipompata mke. Aliyekuwa akitutafutia wapagazi pale kijiji cha mwisho ni mzee mmoja wa Kimwera, Mzee Namkulala, mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alikuwa na mpwa wake, Somoe, ambaye kila lori likifika alisimama mlangoni akicheka vitu vilivyoteremshwa. Siku ya beseni la bati alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamposa. Kwa Wamwera mwenye mtoto ni mjomba, basi nilikaa mbele ya Mjomba Namkulala mara tatu kabla hajakubali. Tukaoana, nikamleta Nachingwea, tukapata Zuhura, kisha Hamisi. Kwa hiyo mlima ule ulikuwa likizo ya Wazungu na ukweni kwangu.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Mwaka wa sita wa kazi yangu Somoe aliugua. Kwanza homa, kisha mimba ikaharibika, kisha homa tena. Alikonda hadi pete ikawa inaanguka kidoleni. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kucheka. Nilimpeleka Mnero kwenye zahanati, na dresa wa pale, msaidizi wa daktari, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpima, akaniita pembeni.

"Dawa amekunywa za kutosha," akasema. "Huyu sasa anataka kupumzika. Wiki mbili, mahali penye baridi, asishike jembe, asisumbuliwe na lolote. Ukimrudisha kwenye kazi hivi alivyo, sikuahidi kitu."

Nilirudi kutoka Mnero na hofu. Mambo ya kumuogopea mtu usiyetaka kumpoteza mnayajua, au mtayajua. Lakini katikati ya hofu ile nilijiambia: ah, wewe si ndiye karani wa likizo? Umewapeleka watu baridini miaka sita. Mganga hajigangi, lakini karani atajiandikia.

Nikaomba likizo yangu. Daftari la likizo lilikuwa na safu ya sababu, na sisi Waafrika wote tulikuwa tumeandika neno moja kutoka ukurasa wa kwanza: msiba. Kulikuwa na bibi mmoja wa Marambo, nyanyake mpimaji wetu, aliyekufa mara tatu, na mara zote karibu na palizi. Mimi nikaandika: kupumzika. Mzungu wa ofisi ya wafanyakazi akaniita.

"Nani kufa?"

"Hajafa mtu, Bwana."

"Nani kuoa?"

"Hakuna, Bwana. Nakwenda mlimani na familia yangu kupumzika, kama nyinyi."

Akatia sahihi.

Hapo nikaanza kupanga, na nilipanga vizuri. Hiyo ndiyo shida. Dresa alikuwa amesema Somoe asisumbuliwe na lolote, nami nikaona hata kumwambia mipango ni kumsumbua. Tena nilitaka liwe jambo la kumfurahisha ghafla. Nilimwambia tu, "Mama Zuhura, Alhamisi tunakwenda kwenu."

"Kuna nini?"

"Utaona tukifika."

Kisha nikatuma salamu mbele, kama ilivyo taratibu ya kazi. Dereva wetu wa safari za mlimani alikuwa Mponda, ambaye kila Jumatatu alikwenda huko kufuata mboga. Mponda alikuwa na tabia ya kuongeza chumvi kwenye ujumbe, kwa hiyo nilimkaririsha. "Mwambie Mjomba Namkulala: Alhamisi namleta Somoe na watoto. Vyombo vyake vyote nakuja navyo. Sababu nitaeleza mwenyewe nikifika."

Mponda akazima injini. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usibadili hata neno."

"Haya," akasema. "Lakini shemeji yangu hakuwa mtu mbaya."

"Nani kasema ni mbaya?" nikamjibu, nikaenda zangu.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshashika kichwa. Kwa asiyetoka kwetu nitaeleza. Mume akimchoka mke hamfukuzi barabarani. Humpeleka kwa mjomba wake, mchana, pamoja na watoto na vyombo vyote alivyokuja navyo, kuanzia kinu hadi kata ya maji. Mjomba huviweka uwanjani mbele ya wazee, vikahesabiwa kimoja kimoja. Vikitimia, ndoa imekwisha. Kikikosekana hata kimoja, mke hajarudishwa, bado ana kwake, na mume hurudi naye. Mila hiyo niliijua kama ninavyolijua jina langu. Nilishakaa kwenye uwanja wa namna hiyo kama shahidi wa rafiki yangu. Lakini wakati huo nilikuwa na orodha mkononi, na mimi nikiwa na orodha sioni kitu kingine.

Kwa nini nilibeba vyombo vyote? Kwanza, wezi. Pili, Mzee Mkwanda alitufundisha kwamba mgeni anayeazima sufuria si mgeni, ni mzigo. Nikaandika vitu kumi na tisa. Jumatano nilimkalisha Somoe kizingitini, nikamkataza asinyanyue hata kijiko, nikaanza kufunga.

Alinitazama muda mrefu. "Na kinu pia?" akauliza.

"Na kinu pia."

"Na mchi wake?"

"Mama Zuhura, kinu bila mchi kina kazi gani?"

Nikafunga vyungu kwa majani makavu, ungo, chekeche, mkeka, mtungi. Namba kumi na saba ilikuwa upawa, ule wa kifuu chenye mpini mrefu, ambao mama yake alimpa siku ya harusi. Niliuchomeka mwenyewe ndani ya chungu kikubwa, nikalamba penseli, nikatia alama. Alhamisi asubuhi, vitu kumi na tisa vikiwa mlangoni, nilikwenda kumwita Mponda. Niliporudi nilikuta jirani yetu Mama Asha amemkumbatia Somoe, wote wawili wanalia. Mwingine ameleta kuku. Mwingine kanga. Niliguswa sana. Nikasema moyoni, watu wa Nachingwea wana upendo, mtu akienda kupumzika wiki mbili wanamlilia hivi.

Mponda alimweka Somoe kiti cha mbele na kuendesha polepole kama amebeba mayai. Kwa kawaida Mponda aliendesha kama amebeba deni. Tulisimama Ruangwa kununua chumvi na mandazi. Watoto walikula. Somoe alishika andazi lake mkononi, hakulitia mdomoni.

"Baba Zuhura," akaniita. "Na watoto wanabaki huko?"

"Watoto nao," nikasema kwa furaha. "Wataishi wapi bila mama yao?"

Akafumba macho. Nikamwambia Mponda kwa sauti ya chini aendeshe vizuri, shemeji yake amepata usingizi.

Tulifika alasiri. Upepo wa mlimani ulikuwa umeshaanza, baridi nzuri, na nikaona kazi yangu imefanikiwa. Uwanjani mwa Mjomba Namkulala palikuwa pametandikwa mkeka mkubwa. Mjomba amekaa, wazee wawili kushoto kwake, watu wa nyumba wamesimama kando. Hakuna aliyekimbilia watoto. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatukuwa tunaonana ana kwa ana, alikuwa ndani. Nikadhani wamejipanga kutupokea rasmi. Nikajisikia mtu mkubwa.

"Karibu, mkwe," akasema Mjomba.

"Starehe, Mjomba."

"Ujumbe wako ulifika. Umeleta vyombo?"

"Nimeleta."

"Vyote?"

"Vyote, Mjomba. Sikubakiza hata kimoja. Hii ndiyo kazi yangu."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akasema kwa Kimwera kwamba vijana wa siku hizi hawana hata aibu, nami nikadhani anamsema mtu mwingine. Nikatoa ubao na orodha.

"Niwasomee?" nikauliza.

"Soma," akasema Mjomba.

Wanawake wawili wakaanza kuteremsha na kupanga vyombo mkekani, na mimi nikasoma kwa sauti ya ofisini. Kinu kimoja. Kipo. Mchi mmoja. Upo. Sufuria mbili. Zipo. Kila kikiitikiwa nililamba penseli na kutia alama. Somoe alikaa pembeni ya mkeka, Hamisi mapajani, macho chini. Nilikwenda hivyo mpaka kumi na sita bila kosa, na nakiri kwamba nilikuwa najivunia.

"Kumi na saba. Upawa mmoja."

Wanawake wakainua ungo, wakatazama chini yake.

"Upawa," nikarudia. "Tazameni ndani ya chungu kikubwa."

Wakatazama. Haukuwamo. Nikainuka nikatazama mwenyewe. Nikafumua majani, nikakung'uta mkeka, nikapanda lorini, nikaingiza kichwa hadi chini ya kiti cha Mponda. Jasho likanitoka kwenye baridi ile.

"Upo!" nikasema. "Niliufunga kwa mkono wangu. Una alama hapa, tazameni, una alama!"

"Labda umebaki," akasema Mjomba taratibu.

"Haukubaki, Mjomba. Kwangu mimi hakibaki kitu." Kisha nikasema neno ambalo nikilikumbuka hadi leo natamani ardhi ipasuke. "Lakini hata kama umepotea, jambo lisiharibike kwa ajili ya upawa. Nipeni kifuu na kisu, nichonge mwingine sasa hivi tumalize."

Mzee mmoja alisema, "Lahaula." Mama mkwe, ndani, alitoa sauti kama ya mtu aliyeungua.

Hapo Somoe akanyanyua macho. Alinitazama mimi, ulimi wangu wa zambarau, ubao wangu, majani makavu kichwani mwangu.

"Haukupotea," akasema. "Upawa wangu uko Nachingwea. Uko kwangu."

"Mama Zuhura, haiwezekani, mimi mwenyewe..."

"Mjomba, mmesikia," akasema. "Upawa wangu uko kwa mume wangu. Vyombo havikutimia."

Mjomba Namkulala akashusha pumzi ndefu. "Basi huyu hajarudishwa," akawaambia wazee. Kisha akanigeukia. "Mkwe. Nilikupa mtoto mzima, ana cheko. Ameugua, amepoteza mimba, na wewe unataka kuchonga hata upawa ili uniachie upesi. Amekukosea nini?"

Wallahi, ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa pamoja: mkeka, wazee, machozi ya Mama Asha, mwendo wa Mponda, andazi lisiloliwa. Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Nilimtazama mke wangu na kuona kwamba tangu Jumatano alikuwa akinitazama namfungia ndoa yake kwa kamba ya katani, chombo kwa chombo, huku napiga mluzi.

"Simrudishi," nikasema. "Mjomba, simrudishi! Nimemleta apumzike!"

"Apumzike na nini?"

"Na kazi. Dresa alisema. Ni likizo, Mjomba. Wiki mbili, halafu tunarudi wote."

"Kwani mtu akitaka kupumzika hawezi kukaa chini?"

Nikaeleza. Nilieleza kama sijawahi kueleza kitu. Nikasema ndivyo Wazungu wafanyavyo, kila miezi ya joto mume humchukua mke na watoto na vyombo, wakapanda mlimani, wakakaa, wakashuka. Si mnawaona wenyewe, hupita hapa hapa.

Wazee wakatazamana tena, lakini safari hii kwa namna nyingine.

"Ngoja," akasema Mjomba. "Wale mabibi hawakuwa wanarudishwa?"

"Kurudishwa wapi?"

"Kwao. Huko juu." Akaonyesha kileleni kwa kidevu. "Miaka sita tunawaonea huruma. Kila mwaka mume anampandisha mke na beseni na viti, na kila mwaka ndugu zake, wale wa mahemani huko juu, wanamkataa, anashushwa naye. Yule wa kofia kubwa amekataliwa mara nne. Tulisema ana matatizo gani mtoto wa watu?"

"Tulimpa mayai," akaongeza yule mzee mwingine, "kumpoza."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe, nyuma ya ukuta. Kisha Mponda, ameegemea lori. Kisha nikasikia cheko ninalolijua, lile la siku ya beseni la bati, dhaifu kidogo, limepata kutu, lakini ndilo. Somoe alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, na Hamisi anamfuta kwa kiganja bila kujua kama ni ya heri au ya shari. Mimi sikucheka. Nililia, mbele ya wakwe zangu, na sioni aibu kuliandika.

Likizo ikaanza. Kwa upande wa Somoe ilikwenda kama ilivyopangwa. Mama yake hakumruhusu hata kuchota maji. Alilala, akala viazi na uji wa mtama, akaota jua la asubuhi amejifunika kanga mbili. Siku ya kumi pete ilikaa kidoleni bila kuteleza. Kwa upande wangu mimi, Mjomba alisema amelielewa vizuri jambo hili la kupumzika, na kwa kuwa mvua zilikuwa karibu, mkwe aliye na siku kumi na nne za bure asikae hivi hivi. Nikaezeka nyumba mbili na kulima kipande cha mbaazi. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyotoka, na hilo nililiona baadaye kwa Wazungu wengi pia.

Tulipofika nyumbani Nachingwea, kabla sijafungua mzigo hata mmoja, Somoe alipanda juu ya kiti, akapitisha mkono kwenye paa, akautoa upawa palipokutana boriti na makuti.

"Uliuweka lini?" nikamwuliza.

"Ulipokwenda kumwita Mponda."

"Kwa nini hukuniuliza tu? Ungeniuliza, Mama Zuhura, ningekwambia."

"Ndiyo maana sikuuliza," akasema. "Niliogopa utanijibu."

Nilimwomba radhi. Alinipa, lakini si siku hiyo. Upawa akaurudisha mle mle paani, akakoroga mboga yetu kwa mwingine wa sokoni. Akasema, "Huu ukae hapo. Ukiwa hapo, nina pa kurudi."

Kazini nilimsimulia Mzee Mkwanda. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kifungulia makopo ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Viti vilikuwa vinne," akasema, akaendelea na kazi yake.

Tangu hapo, vijana, kila safari niliyompangia mtu, awe Mzungu, awe mkuu wa wilaya, awe mgonjwa wa kupelekwa Lindi, kabla ya kufunga mzigo nilimwambia msafiri mwenyewe anakwenda wapi, kwa nini, na atarudi lini. Mtaona ni jambo dogo. Fanyeni hivyo hivyo. Na Mzungu akipanda mlimani, tulimtuma Mponda kwanza akawaambie wazee kwamba huyu bibi harudishwi, anapumzika. Mayai yakakoma, na Bibi Kofia akalalamika.

Sisi wenyewe tulipanda tena miaka mitatu iliyofuata, na nilibeba vyombo vichache. Kila mara, chini kabisa ya orodha, niliandika: upawa, unabaki.

Baadaye mradi ukafa. Matrekta yakakokotwa, Wazungu wakaenda likizo ambayo hawakurudi, chumba cha mabati kikafungwa, na mimi nikapata kazi ya usafiri serikalini, Ruangwa. Mponda alituhamisha kwa safari zake za mwisho mwisho. Nilisimama mlangoni na ubao wangu, nikikagua, na mwishoni mkono wenyewe ukaandika kwa mazoea: upawa, unabaki.

Somoe alitoka ndani mikono ikiwa nyuma. Alipanda lori, akakaa kiti cha mbele, akauweka upawa mapajani. Ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka minne. Akaanza kuupangusa kwa pindo la kanga.

"Futa hapo," akaniambia, akionyesha orodha. "Andika upo."

Nikalamba penseli, nikaandika.